Kumhoji Mtoto Kabla ya Kumfundisha Hesabu: Mwongozo kwa Mwalimu wa Darasa la Kwanza na la Pili

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha swali huwa lilelile. Mwalimu mpya katoka chuoni, hatua nne za Piaget anazitaja bila kukohoa, Vygotsky anamjua, Bruner anamjua. Kisha anakabidhiwa darasa la pili lenye watoto themanini na kitu, anakuta mtoto kaandika 32 − 15 = 23, na katika yote aliyokariri haoni cha kumwambia afanye nini kesho asubuhi. Hapo ndipo anapouliza: "Mwalimu, hizi nadharia ni za mtihani tu?"

Zimefanywa za mtihani kwa namna tunavyozifundisha, kama orodha ya umri na majina. Kwa mwalimu wa madarasa ya chini zina faida moja kubwa: zinakuzoesha kumuuliza mtoto amelipataje jibu lake, kisha kupanga somo kutokana na alichokueleza. Mwongozo huu unafanya kazi hiyo kwa somo la kuhesabu, kwa vitu vinavyookotwa bure. Anayefundisha Gredi ya 1 au ya 2 nchini Kenya anaweza kuutumia ulivyo.

NADHARIA KIDOGO, YA KUANZIA

Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1896, alipokuwa kijana alipewa kazi Paris ya kupima watoto kwa maswali ya kufikiri. Alitakiwa kuhesabu majibu sahihi, lakini yeye akavutiwa na makosa. Aliona watoto wa rika moja hukosea kwa namna zinazofanana, na kwamba ukimwuliza mtoto sababu, kosa lake lina mantiki yake. Kutoka hapo akaja kusema fikra za mtoto hupitia hatua. Inayotuhusu sisi ni mpaka ulio karibu na miaka 7: kabla yake mtoto hutekwa na jinsi kitu kinavyoonekana, baada yake huanza kuelewa kwamba kitu kikisogezwa tu, idadi yake haibadiliki.

Lev Vygotsky, Mrusi, alizaliwa mwaka huohuo wa 1896 lakini kifua kikuu kilimuua mwaka 1934. Yeye alisisitiza kuwa anachoweza mtoto peke yake leo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni anachoweza akisaidiwa na anayejua zaidi, na ndani ya nafasi hiyo ndimo mafundisho yanamofanya kazi.

Jerome Bruner, Mmarekani, alitupa mpangilio: mtoto ashike kwa mikono, kisha aone kwa picha, kisha aandike kwa alama.

Hayo yanatosha. Mengine utayakuta njiani.

UNACHOHITAJI

– Vizibo vya chupa za maji, vya plastiki, kama 20. Vya bati vya soda navyo vinafaa ukivigonga kingo zisikate vidole.
– Mbegu kubwa, kama za ukwaju, 20 au zaidi. Usitumie maharage wala punje za mahindi kwa watoto wadogo. Wengine huzisukuma puani, na harage likilowa huvimba humohumo. Karanga nazo sahau, zitaliwa kabla hujauliza swali la kwanza.
– Vijiti vya urefu wa kidole, angalau 50 kwa kila kikundi, na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, au kamba za mgomba, vya kufungia vitita.
– Kikombe kimoja kisichoonyesha ndani.
– Mdoli wa matambara, au soksi iliyochorwa macho. Usiudharau, utaona kazi yake.
– Daftari la kurasa chache. Ukurasa mmoja kwa kila mtoto utakayemhoji.
– Mkeka, au mahali pa kukaa chini pamoja naye.

HATUA

1. Chagua watoto sita, usichague darasa zima.

Katika darasa la watoto 80 hutawahoji wote, na ukijaribu utaacha kabla ya Jumatano. Chukua wawili wanaonyoosha mkono kila mara, wawili wa katikati, na wawili ambao sauti zao huzijui. Hao wa mwisho ndio wenye faida kubwa zaidi kwako. Kaeni kibarazani au chini ya mti wakati wa mapumziko, mahali wengine wanapowaona lakini hawawasikii. Usijifungie ofisini na mtoto.

Mweleze unachotaka: "Nataka kujua watoto wanafikirije. Hakuna kupata wala kukosa." Hatakuamini mara moja, kwa sababu kila mara mtu mzima alipomuuliza swali shuleni palikuwa na vema au mkasi. Atakuamini akiona husahihishi.

2. Hakiki maneno kwanza.

Weka mbegu 3 upande mmoja na 8 upande mwingine. Uliza: "Wapi kuna mbegu nyingi zaidi?" Halafu weka 5 na 5: "Na hapa?" Unapima kama "nyingi zaidi" na "sawa" ni maneno anayoyaelewa. Watoto wengi wa darasa la kwanza wameanza kukisikia Kiswahili kingi siku walipoingia shule. Nyumbani ni Kisukuma, Kimasai, Kihehe. Kama unaijua lugha ya nyumbani, hoji kwa hiyo. Kama huijui, tafuta mwenzako anayeijua. Ukipuuza hatua hii, utaandika kwamba mtoto hafikiri vizuri, kumbe hakukusikia.

3. Fanya jaribio la mistari miwili.

Panga vizibo 7 kwa mstari. Mwambie mtoto aweke mbegu moja mbele ya kila kizibo. Uliza kama idadi ni sawa. Akikubali, nyosha mstari mmoja: zitawanye mbegu mpaka mstari wake uwe mrefu kuliko wa vizibo. Kisha uliza: "Sasa je, vizibo na mbegu ni sawa, au kuna upande uliozidi?" Akijibu, uliza: "Umejuaje?" Nyamaza, subiri.

Kwa nini 7? Vitu vitatu au vinne jicho huvitambua bila kuhesabu, na vikifika kumi na kupita, wengine hushindwa kwa kuhesabu tu. Kati ya sita na nane ndipo pazuri.

Majibu utakayopata ni ya aina tatu, na kila moja andika kwa maneno yake mwenyewe:

"Mbegu nyingi, zimefika hapa." Huyu anaamua kwa urefu wa mstari.

"Ngoja… moja, mbili, tatu… ni sawa." Huyu anajua kuhesabu kunaweza kumaliza ubishi, ila bado anahitaji kuhesabu upya.

"Ni sawa, umezisogeza tu." Huyu hahitaji kuhesabu. Sogeza tena, atakucheka.

Sasa jambo ambalo vitabu vingi vya chuo hulipita haraka. Jaribio hili kama lilivyofanywa zamani na Piaget lilikuwa na kasoro. Mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson, huko Uskochi, walirudia jaribio hilo, lakini badala ya mtu mzima kusogeza vitu, alitokea dubu wa mchezo "mtundu" akavivuruga. Watoto wa miaka minne hadi sita waliosema idadi imebaki ileile waliongezeka sana. Mwaka huohuo Susan Rose na Marion Blank walionyesha kwamba swali likiulizwa mara moja tu, baada ya kusogeza, makosa hupungua.

Hilo mtu aliyelelewa kwetu halimshangazi. Mkubwa akikuuliza jambo, ukajibu, kisha akakuuliza tena lilelile, maana yake jibu la kwanza hakulipenda. Mtoto mwenye adabu atabadilisha. Kwa hiyo ndiyo kazi ya mdoli: mdoli aje "akimbie" juu ya mbegu azitawanye, wewe umkemee mdoli, kisha uulize mara moja tu, bila lile swali la kabla ya kutawanya. Au mwache mtoto azitawanye mwenyewe. Patricia Greenfield, aliyefanya utafiti na watoto wa Kiwolofu nchini Senegal miaka ya 1960, aliona watoto waliomimina maji kwa mikono yao wenyewe walijibu vizuri kuliko waliomwangalia yeye akimimina. Akimimina yeye, baadhi walidhani mgeni kafanya kiini macho.

4. Angalia kama kuhesabu kwake kuna maana ya idadi.

Mpe mbegu 9: "Nihesabie." Akimaliza tu, zifunike kwa kiganja: "Kwa hiyo ni ngapi?" Akisema tisa, vizuri. Akitaka kuondoa mkono wako ahesabu tena, kwake kuhesabu bado ni wimbo. Kisha mwambie: "Nipe saba." Wapo wanaoimba hadi hamsini bila kukosea, lakini ukiwaomba mbegu saba wanakupa konzi nzima. Wimbo wa namba ni mzuri, naupenda, lakini usikudanganye siku ya kujaza maendeleo ya mtoto.

5. Funika baadhi, acha baadhi.

Weka mbegu 5, zihesabuni pamoja, zifunike kwa kikombe. Weka 3 pembeni. "Zote ni ngapi?" Mtazame midomo na vidole. Kuna atakayegonga kikombe mara tano, moja hadi tano, ndipo aendelee. Kuna atakayesema "tano… sita, saba, nane." Tofauti ya hawa wawili ni kubwa kuliko tofauti ya alama zao kwenye jaribio la wiki, maana wote wawili wataandika 8. Wa kwanza ukimpa 27 + 5 ataanza na moja, atachoka, atakosea katikati, utasema mzembe.

6. Uliza habari za ile moja katika 16.

Hii ni ya darasa la pili. Andika 16 kwenye karatasi, weka mbegu 16. Zungushia 6 kwa kalamu: "Nionyeshe mbegu za hii." Atatenga sita. Zungushia 1: "Na za hii?" Wengi watakupa mbegu moja. Ukiuliza zile tisa zilizobaki ni za nani, watakaa kimya au watasema "zimebaki tu." Constance Kamii, aliyesoma kwa Piaget Geneva, alilitumia sana swali hili huko Marekani, na matokeo yalikuwa hayohayo kwa watoto waliokwisha kufundishwa makumi na mamoja.

Kiswahili kinamsaidia mtoto kuanzia kumi na moja hadi kumi na tisa, kwa kuwa anaisikia kumi waziwazi. Msaada unakatika akifika ishirini, thelathini, arobaini: ndani yake hasikii mbili, tatu wala nne. Kwa majuma ya mwanzo zoezeni kutamka namna mbili, "ishirini na tatu, makumi mawili na mamoja matatu", huku wameshika vijiti.

7. Pima msaada anaouhitaji.

Hapa ndipo walimu wengi huishia njiani. Wamemhoji, wamegundua hawezi, wamefunga daftari. Kumbe wamepata nusu tu. Chukua swali aliloshindwa, msaidie kidogokidogo, na kila msaada upe namba:

(1) Rudia swali taratibu, mpe muda.
(2) Mwelekeze macho: "Hebu tazama chini ya kikombe tuliacha ngapi."
(3) Mpe vitu ashike.
(4) Fanya mfano mmoja tofauti mbele yake.
(5) Fanyeni pamoja, mkono kwa mkono.

Andika namba ya msaada aliopata ndipo akaweza. Watoto wawili walioshindwa swali moja, mmoja akahitaji msaada wa 2 na mwingine wa 5, hawako sehemu moja, hata kama majaribio yao yote yana sifuri.

Jambo hili limepimwa hapa kwetu. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwamo watafiti Watanzania, walichapisha mwaka 2002 kazi waliyofanya na wanafunzi wa shule za eneo la Bagamoyo. Waliwapima watoto, wakawafundisha kwa muda mfupi namna ya kukabili maswali ya aina ile, wakawapima tena. Alama zilipanda. Kipimo cha mara moja kilikuwa kimeficha uwezo ambao mafundisho ya muda mfupi tu yaliweza kuuibua.

8. Panga somo: mikono, picha, tarakimu.

Turudi kwa yule wa 32 − 15 = 23. Amefanyaje? Upande wa mamoja kaona 2 na 5, akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata 3. Upande wa makumi, 3 toa 1 ni 2. Hajakisia. Amefuata kanuni ambayo imemfaa siku zote, kwamba kubwa hutolewa ndogo, na hakuna aliyemwonyesha kwamba 32 ina mamoja mengine yaliyojificha ndani ya makumi. Ukimwandikia mkasi na kumwambia "kopa", umempa kanuni ya pili ya kukariri juu ya ya kwanza.

Siku ya kwanza na ya pili, mikono. Kila kikundi cha wanne hadi sita kinafunga vitita vya vijiti kumi. Wafunge wao. Ukileta vitita vilivyofungwa tayari, kwao ni kitu kimoja kinene, si vijiti kumi. Wahesabu kumi, wafunge, wafungue, wafunge tena. Sasa watenge vitita 3 na vijiti 2. "Nipe vijiti 15." Kitita kimoja watakupa mara moja. Halafu unataka vijiti vitano na vilivyo huru ni viwili. Usiseme kitu. Kaa kimya mpaka kikundi kimoja kifungue kitita. Kwa kawaida wapo watakaouliza kama inaruhusiwa. Waambie vijiti ni vyao. Kitakachobaki ni kitita 1 na vijiti 7.

Siku ya tatu na ya nne, picha. Mstari mrefu ni kitita, nukta ni kijiti. Wachore 32, wafute mstari mmoja, wachore nukta kumi mahali pake, kisha wakate nukta tano na mstari mmoja. Wenye vijiti bado wakae navyo mezani.

Siku ya tano, tarakimu. Andika ubaoni hesabu ya kusimama, na kila unachoandika mtoto mmoja akifanye kwa vijiti mbele ya wenzake. Anapofungua kitita, wewe unakata 3 na kuandika 2, na mamoja yanakuwa 12. Neno "kukopa" au "kuazima", lolote mnalotumia shuleni kwenu, lije sasa, baada ya kitendo.

Somo hili linakula wiki nzima, na azimio la kazi litakuwa linakuita mbele. Mimi naona ni afadhali uchelewe hapa. Darasa linalovuka makumi bila kuelewa litakugharimu muhula mzima kwenye mamia.

9. Ondoa msaada taratibu.

Usikusanye vijiti siku moja ukatangaza kuanzia leo ni kichwa tu. Vihamie chini ya dawati: anayekwama anainama na kuchukua. Baada ya muda vihamie kona ya darasa, ili anayevihitaji atembee. Wengi wataacha wenyewe kwa uvivu wa kutembea, na huo ni uvivu mzuri. Atakayeendelea kwenda konani hadi mwisho ndiye wa kumrudisha kwenye hatua ya 5.

Tumia pia watoto. Aliyeelewa jana humfafanulia mwenzake vizuri kuliko aliyeelewa zamani, kwa sababu ugumu bado anaukumbuka. Weka wawiliwawili, mmoja awe na vijiti, mwingine awe na kalamu, wabadilishane. Sharti ni moja: mwenye kalamu haruhusiwi kushika vijiti vya mwenzake.

10. Wahoji tena wale sita.

Baada ya majuma matatu au manne, rudia hatua ya 3 hadi ya 7 kwa namba nyingine. Linganisha maneno yao na ya mwanzo. Usitafute majibu sahihi peke yake. Tafuta sababu iliyobadilika.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kuugeuza umri kuwa sheria. Miaka 7 ni makadirio ya Piaget kwa watoto aliowaona yeye. Katika darasa moja la pili unaweza kuwa na wa miaka saba na wa miaka kumi, na ujuzi haufuati tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1969 watafiti waliolinganisha watoto nchini Mexico walikuta watoto wa wafinyanzi wanaelewa mapema kuliko wenzao kwamba donge la udongo likibadilishwa umbo halipungui. Kazi ya mikono yao iliwatangulizia. Mtoto wa mfinyanzi, wa mvuvi, wa mama lishe, kila mmoja ana eneo ambalo yuko mbele.

Kumbandika jina. "Huyu bado yuko hatua ya pili ya Piaget" ni sentensi isiyokusaidia kesho. Andika "anaamua kwa urefu wa mstari, msaada wa 3 ulimtosha." Hiyo inakusaidia.

Kuwafundisha jibu. Nimeona mwalimu akisogeza mbegu mbele ya darasa zima akiuliza "Zimebadilika?" na darasa likaitika "Haaapanaaa!" Kuitikia kwa pamoja hakupimi chochote isipokuwa mapafu. Jaribio la mistari miwili ni la kukusaidia wewe umjue mtoto, halimo kwenye muhtasari na halihitaji kufaulishwa.

Kungoja akomae. Upande wa pili wa kosa la umri: mwalimu anasema mtoto hajafika hatua, basi asimguse. Kwa hoja ya Vygotsky ni kinyume, mafundisho mazuri hutangulia kidogo mbele ya ukuaji.

Kupiga vita vidole. Vidole ni vitu kumi ambavyo mtoto havisahau nyumbani. Ataviacha akipata njia ya haraka zaidi. Ukimchapa, atavificha chini ya dawati aendelee.

UKIKWAMA

Mtoto hasemi kabisa. Usimkazie macho na usimsukume. Wengi wamelelewa kusikiliza mkubwa, si kumjibu kwa maelezo. Mlete na rafiki yake, wape mbegu wacheze, wewe jishughulishe na daftari. Au mpe mdoli: "Huyu hajui kuhesabu, mfundishe." Mtoto anayeogopa kukueleza wewe atamweleza mdoli, na wewe una masikio.

Anajibu "nimejua tu." Mwambie: "Mwenzako anasema mbegu ndizo nyingi. Ungemwambia nini?" Kumpinga mtoto mwenzake ni rahisi kuliko kujieleza kwa mwalimu. Akibadilisha jibu papo hapo, hakuwa na uhakika. Akishikilia na kutoa sababu, umepata ulichokitafuta.

Jibu sahihi, sababu ya ajabu. "Ni sawa kwa sababu vyote ni vya mwalimu." Andika sababu, jibu liweke kando. Rudia siku nyingine kwa vitu vingine.

Leo anajua, kesho hajui. Ni kawaida kabisa kwa mtoto aliye katikati ya kubadilika. Mpe msaada wa 2 au wa 3 kila siku kwa muda mfupi. Huyu yuko karibu kuliko unavyodhani.

Dukani harudishiwi chenji pungufu, daftarini anapata sifuri. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha habari za watoto wachuuzi wa Recife, Brazili. Kwenye biashara zao walipata maswali 98 kwa 100. Hesabu za aina hiyohiyo zikiwa kwenye karatasi bila hadithi, 37 kwa 100. Kwa mtoto wa namna hii anza na hela. Mwulize nazi mbili za shilingi 700 kwa noti ya 2,000 inarudi ngapi, msikilize anavyovunja namba, kisha uandike ubaoni njia yake hatua kwa hatua, ndipo uilinganishe na ya kitabu. Usianze na ya kitabu.

Darasa ni kubwa mno, muda hakuna. Chukua swali moja tu kwa wiki, kwa mfano lile la kikombe, uwaulize watoto watatu kwa siku wakati wengine wanaandika zoezi. Ni kama dakika mbili kwa mtoto. Kabla muhula haujaisha utakuwa umewapitia wengi, na utagundua makundi ni machache: hayazidi matatu au manne kwa swali moja. Panga vikundi vya kazi kwa makundi hayo, na uvibadilishe kila mada mpya ili kisiwepo kikundi kinachoitwa cha wajinga.

Mwalimu mkuu au mthibiti ubora anauliza mbona watoto wanachezea vijiti. Mwonyeshe andalio la somo lenye lengo la siku hiyo, na daftari la mahojiano. Bora zaidi, mwombe amuulize mtoto yeyote swali la 16. Akishaona mbegu moja imetolewa kwa ajili ya ile 1, mazungumzo yatakuwa mengine.

Mzazi analalamika daftari halina kazi. Wiki ya vijiti daftari kweli litakuwa tupu. Siku ya picha na siku ya tarakimu waandike tarehe na kichwa cha somo, wachore vitita vyao, upitishe kalamu nyekundu. Na mtoto apewe kazi ya nyumbani ya kuokota vijiti hamsini na kuvifunga kumikumi mbele ya mama. Akiulizwa ni vya nini, ajieleze mwenyewe.

Vizibo vinaisha. Vinaishia kwenye magari ya kuchezea, magurudumu manne kila gari. Agiza vingine.